Shaka Mlangoni mwa Kaburi: Uhakiki wa Fasihi ya Maziko ya Misri ya Kale kwa Kuzingatia Ushahidi wa Akiolojia

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini tatu za Misri ya Kale zinazohusu maziko: Hadithi ya Sinuhe, Mabishano ya Mtu na Ba Yake, na Wimbo wa Mpiga Kinubi unaonasibishwa na kaburi la Mfalme Intef. Lengo ni kupima dai lililozoeleka kwamba Wamisri wa kale walikuwa na imani isiyotikisika juu ya kaburi. Matini hizo zimesomwa sambamba na ushahidi wa akiolojia, hususani hati za uchunguzi wa wizi wa makaburi, maiti za wafalme zilizohamishwa na makuhani, na makaburi ya watu wa kawaida huko Amarna. Uhakiki unabainisha kwamba shaka ilikuwa sehemu ya desturi yenyewe, na kwamba kilichoishikilia desturi hiyo ni wajibu wa walio hai kwa wafu wao. Aidha, makala yanajadili athari za uteuzi wa istilahi za Kiswahili katika ufasiri wa matini hizo.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu maziko ya Misri ya Kale umetawaliwa kwa muda mrefu na mali zilizofukuliwa makaburini. Tangu Howard Carter alipolifikia kaburi la Tutankhamun mwezi Novemba 1922, dhahabu, majeneza yaliyopandana na visanamu zaidi ya 400 vya watumishi wa kaburini vimekuwa ndiyo sura ya desturi nzima. Kutokana na sura hiyo limezaliwa dai kwamba watu wa bonde la Mto Naili waliishi wakiitazamia ahera bila wasiwasi wowote. Dai hilo hurudiwa katika vitabu vya shule, katika maelezo ya makumbusho na hata katika baadhi ya kazi za kitaaluma.

Tatizo la dai hilo ni kwamba linawanyima Wamisri wa kale jambo ambalo kila jamii inayozika wafu wake inalo, yaani uwezo wa kujiuliza. Mtu anayeamini bila kuuliza hana haja ya kuandika mabishano baina yake na nafsi yake kuhusu faida ya kuzikwa. Hata hivyo, mabishano hayo yaliandikwa, yakanakiliwa na kuhifadhiwa. Swali la msingi la makala haya ni hili: iwapo shaka juu ya kaburi iliandikwa na kusomwa katika jamii ileile iliyojenga makaburi, je, uhusiano kati ya shaka hiyo na desturi ulikuwaje?

Matini zimesomwa kupitia tafsiri za kitaalamu, hususani za Miriam Lichtheim, R. O. Faulkner na James P. Allen. Kwa sababu hiyo, uhakiki huu umejikita katika muundo, msemaji, msikilizwaji na hoja. Haujajikita katika mizani wala mchezo wa sauti za lugha ya asili.

2.0 Desturi ya Maziko na Mipaka ya Ushahidi Wake

Kwa ufupi, maziko ya mtu mwenye uwezo yalikuwa na hatua zinazojulikana vizuri. Maiti iliondolewa ubongo na viungo vya ndani, lakini moyo uliachwa mahali pake kwa kuwa ndio uliohesabiwa kuwa makao ya akili na kumbukumbu. Mwili ulikaushwa kwa magadi ya asili, ukapakwa mafuta na utomvu, kisha ukafungwa kwa vitambaa vya kitani. Ini, mapafu, tumbo na utumbo viliwekwa katika mitungi minne chini ya ulinzi wa wana wanne wa Horus. Muda uliotajwa sana kwa kazi hiyo yote ni siku 70. Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK, anaeleza kuwa watayarishaji wa maiti walikuwa na daraja tatu za kazi kulingana na uwezo wa wafiwa.

Maneno yalikwenda sambamba na mwili. Mwishoni mwa Nasaba ya 5, yapata mwaka 2350 KK, kuta za vyumba vya ndani vya piramidi ya Mfalme Unas huko Saqqara zilichongwa maandishi ya kumwinua mfalme hadi mbinguni. Baadaye maandishi ya namna hiyo yaliandikwa ndani ya majeneza ya maofisa, na hatimaye katika hati za mafunjo ambazo Karl Richard Lepsius alizipa mwaka 1842 jina la Kitabu cha Wafu. Wenyewe waliziita maneno ya kutoka mchana, na tofauti hiyo ya majina si ndogo: Lepsius alitaja hali ya msomaji, ilhali wenyewe walitaja tendo alilolitarajia.

Mpaka wa ushahidi huu ni wa kitabaka. Ufukuzi uliofanywa kati ya mwaka 2006 na 2013 katika Makaburi ya Kusini huko Amarna, mji wa Mfalme Akhenaten, ulifichua mamia ya makaburi ya watu wa kawaida. Wengi wao walizikwa katika mashimo ya mchanga, wakiwa wamefungwa kwa kitambaa na kuviringishwa katika mikeka ya vijiti. Majeneza yalikuwa machache, na vitu vya kuzikwa navyo vilikuwa vichache zaidi. Mifupa yao inaonesha lishe duni na kazi nzito. Kwa hiyo, mtafiti anayesema "Wamisri waliamini" kwa kutegemea hazina ya mfalme mmoja anawasemea watu ambao hakuwasikiliza.

3.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika matini, ni muhimu kujadili maneno mawili ambayo yanaweza kupotosha uhakiki wa Kiswahili.

Neno la kwanza ni ba. Baadhi ya maelezo ya Kiswahili huliita roho. Ulinganisho huo unarahisisha usomaji lakini unaharibu maana. Kwa msemaji wa Kiswahili, roho ikitoka imetoka. Haitarajiwi kurudi mwilini kila jioni. Ba, ambayo huchorwa kama ndege mwenye kichwa cha mtu, hutoka kaburini mchana na kurejea kwenye maiti usiku. Ndiyo maana maiti ilipaswa kuhifadhiwa: ba isiyo na mahali pa kutua imepotea. Tukisema roho, haja ya kuhifadhi mwili inaonekana kama ushirikina usio na mantiki; tukisema ba, mantiki yake inajitokeza yenyewe. Makala haya yanabakiza neno ba na kuliweka katika ngeli ya I-/ZI-.

Neno la pili ni mumiani. Asili yake ni Kiajemi na Kiarabu, ambamo mumiya ilikuwa lami ya asili iliyotumika kama dawa. Kwa kuwa maiti za Misri zilionekana nyeusi kama zilizopakwa lami, jina la dawa likahamia kwa maiti, na huko Ulaya unga wa maiti ukauzwa kama dawa kwa karne kadhaa. Katika Kiswahili neno hilo lilikuja likiwa na maana ya dawa nyeusi, kisha likachukua maana ya wanyonya damu wanaodaiwa kuwinda watu. Hivyo, kumwita Mmisri aliyezikwa kwa heshima mumiani ni kumwingiza katika hofu isiyomhusu. Makala haya yanatumia maiti iliyohifadhiwa au mumia.

4.0 Uhakiki wa Matini

4.1 Hadithi ya Sinuhe: kaburi kama uraia

Hadithi ya Sinuhe, iliyotungwa katika Nasaba ya 12, inamhusu mtumishi wa ikulu anayekimbia nchi baada ya kusikia habari za kifo cha Mfalme Amenemhat I. Anaishi kwa miaka mingi miongoni mwa watu wa Retjenu, katika eneo la Syria na Palestina, anaoa, anapata watoto na mali, na kumshinda shujaa aliyemtaka wapigane. Hata hivyo, uzee unapokaribia, ushindi huo wote haumtoshelezi. Anaomba arudishwe azikwe alikozaliwa.

Jibu la Mfalme Senusret I ni barua, na kilele cha barua hiyo ni maelezo ya maziko. Mfalme hamwahidi cheo kwanza. Anamhesabia usiku wa mafuta na vitambaa, jeneza la dhahabu, ng'ombe wa kukokota, waimbaji watakaotangulia na wachezaji watakaocheza mlangoni mwa kaburi. Kisha anaweka upande wa pili wa mizani: kufia ugenini, kuzikwa na wageni na kufungwa katika ngozi ya kondoo dume.

Uhakiki wa juu juu unaweza kuichukua barua hii kama ushahidi wa imani thabiti. Hata hivyo, ukichunguza anayesema na sababu ya kusema kwake, sura inabadilika. Barua ni chombo cha ushawishi cha dola. Mfalme anatumia kaburi kama hati ya uraia: mwenye kurudi atazikwa, asiyerudi atapotea. Matini haielezi kamwe Sinuhe atafanya nini akishavuka kifo. Inaeleza nani atamvika, nani atatembea mbele yake na nani atasimama karibu yake. Thamani ya maziko hapa inapimwa kwa watu waliopo, na kwa hiyo hofu ya Sinuhe ni hofu ya kukosa watu wanaomjua. Hoja hii inathibitishwa na muundo wa hadithi, ambayo inaanza kwa vyeo vya msemaji kama wasifu uliochongwa kaburini. Sinuhe anaweza kusimulia kwa sababu amerudi mahali ambapo kuna wa kumsoma.

4.2 Mabishano ya Mtu na Ba Yake: kaburi kama swali

Iwapo Sinuhe anaonesha hamu ya kuzikwa, Mabishano yanaihoji hamu hiyo. Matini hii imehifadhiwa hasa katika hati moja ya mafunjo iliyoko Berlin, namba 3024, na Adolf Erman alitoa ufafanuzi wa kina juu yake mwaka 1896. Mwanzo wake umeharibika. Mtu aliyechoshwa na maisha anabishana na ba yake kuhusu kufa. Mtu anataka afe akiwa na mrithi wa kusimama kaburini siku ya maziko na kumtolea sadaka. Ba haikubali kwa urahisi.

Hoja ya ba ni nzito kwa sababu inatoka ndani ya desturi. Inamweleza mtu kwamba maziko ni machungu na machozi, ni kumtoa mtu nyumbani na kumtupa juangani kilimani. Inamkumbusha waliojenga kwa mawe ya matale na kukamilisha piramidi nzuri: meza zao za sadaka zimebaki tupu, sawa na za maskini aliyefia ukingoni mwa mto bila mtu wa kumzika. Kisha inamshauri aifuate siku njema na kuisahau huzuni.

Ni lazima kusisitiza uzito wa msemaji huyu. Ba ndiyo hasa inayotegemea kaburi. Ikikosa mwili uliohifadhiwa, haina pa kurejea. Mtunzi angeweza kumpa hoja ya shaka mgeni, mlevi au adui. Ameipa ba. Kwa uteuzi huo, shaka inatolewa na mnufaika mkuu wa maziko, na hakuna mtu wa nje wa kulaumiwa.

Mtu anajibu kwa mashairi manne. Anaeleza jinsi jina lake lilivyochukiza, anauliza aseme na nani katika jamii iliyooza, anakieleza kifo kama nafuu, na mwisho anawasifu waliokwisha kufika kule. Hatimaye ba inakubali kubaki naye: aitamani dunia kwa sasa, na siku atakapofika kule, watatua pamoja. Ni muhimu kuona kuwa suluhu hiyo haijibu hoja ya meza tupu. Hakuna anayethibitisha kwamba matale yatadumu. Kinachopatikana ni ahadi ya kutoachana. Matini inaacha swali la jiwe wazi na kulifunga swali la uhusiano.

4.3 Wimbo wa Mpiga Kinubi: shaka iliyochongwa

Wimbo unaonasibishwa na kaburi la Mfalme Intef umetufikia kupitia nakala mbili za Ufalme Mpya: moja katika hati ya mafunjo ya Harris 500 iliyoko London, na nyingine, isiyo kamili, katika mawe ya kaburi la Paatenemheb la Saqqara, ambayo sasa yako Leiden. Wafalme kadhaa waliitwa Intef, na watafiti hawajakubaliana ni yupi anayekusudiwa. Maudhui yake ni bayana: waliojenga makaburi hawana tena mahali, maneno ya wenye hekima Imhotep na Hardjedef yanarudiwa na watu, lakini kuta zao zimebomoka, hakuna aliyerudi kutoka kule kueleza hali ya waliotangulia. Kwa hiyo msikilizaji anahimizwa kujipaka manukato na kufurahi, kwani kilio hakijamwokoa mtu na shimo, wala hakuna aliyeondoka na mali yake.

Lichtheim (1945) aliuona wimbo huu kuwa ulioingiza mashaka katika fasihi ya makaburi, na kwamba maudhui yake yanafaa zaidi karamu ya walio hai. Mwelekeo huo una nguvu. Herodotus naye anasimulia kuwa katika karamu za matajiri wa Misri mtu alizungusha kisanamu cha maiti ndani ya jeneza, akiwahimiza wageni wakitazame huku wakinywa. Hata hivyo, maelezo ya karamu peke yake hayatoshi. Paatenemheb, au waliomjengea, walijua wimbo unasema nini. Waliulipia uchongwe katika jengo ambalo wimbo wenyewe unasema litabomoka. Hatuwezi kuita kitendo hicho ajali ya mahali.

Tunaona kwamba jawabu limo katika mjadala uliofuata. Katika kaburi la kuhani Neferhotep huko Thebes, la zama za Mfalme Horemheb, kuna nyimbo za wapiga kinubi zaidi ya mmoja. Msemaji wa wimbo mmoja anasema amezisikia zile nyimbo za makaburi ya kale, anashangaa kwa nini zinaitukuza dunia na kuidunisha nchi ya wafu, na anaitetea nchi hiyo kuwa ni ya haki isiyo na fujo. Hata hivyo, katika kaburi hilohilo umo pia wimbo wenye mwelekeo wa kuhimiza furaha ya siku. Neferhotep hakuchagua upande mmoja. Kaburi lake linaubeba mjadala wote, na mgeni aliyeingia kutoa sadaka aliusoma.

5.0 Akiolojia Inathibitisha Nini?

Inaweza kudaiwa kuwa shaka hizi ni mapambo ya kifasihi tu, yasiyohusiana na mambo yaliyotukia. Ushahidi wa akiolojia hauungi mkono dai hilo.

Hati ya Abbott, ya mwaka wa 16 wa utawala wa Ramesses IX, yapata mwaka 1110 KK, inaorodhesha ukaguzi wa makaburi 10 ya wafalme wa kale huko Thebes. Tisa yalikutwa salama na moja, la Mfalme Sobekemsaf, lilikuwa limevunjwa. Miongoni mwa yaliyokaguliwa ni makaburi ya wafalme walioitwa Intef, na katika mojawapo wezi walikuwa wameanza kutoboa bila kufika ndani. Makaburi ya watu binafsi yaliyokaguliwa yalikutwa yote yamevunjwa, na maiti zimeburutwa nje.

Hati nyingine, ya Leopold II na Amherst, ina ungamo la mchonga mawe Amunpanefer. Anaeleza jinsi walivyoingia kwa Sobekemsaf na malkia wake, wakachukua dhahabu na kuyachoma majeneza. Walipata debeni 160, wakagawana watu wanane, debeni 20 kila mmoja. Anasema pia kwamba alipokamatwa alitoa fungu lake kwa karani akaachiwa, akarudi kwa wenzake, nao wakamfidia. Ungamo lilipatikana kwa kipigo cha fimbo, hivyo lisomwe kwa tahadhari. Lakini kwa hoja yetu, jambo moja linatosha: aliyevunja kaburi alikuwa na ufundi uleule wa waliolichonga. Aliyeijua meza tupu ya Mabishano hakuhitaji kuwa mshairi.

Kama desturi ingetegemea uimara wa jiwe pekee, ingepaswa kufa hapo. Haikufa. Katika Nasaba ya 21 makuhani wa Thebes waliwakusanya wafalme walioibiwa, wakawafunga upya na kuwaficha. Maficho ya Deir el-Bahri, yaliyofikiwa rasmi na Émile Brugsch mwaka 1881, yalikuwa na maiti zaidi ya 50, zikiwamo za Seti I na Ramesses II. Juu ya baadhi ya majeneza na vitambaa yako maandishi mafupi ya wino yanayotaja jina la mfalme, tarehe na aliyeagiza ahifadhiwe upya. Ni kweli kwamba kazi hiyo iliambatana na kuvua dhahabu iliyosalia, na hatupaswi kuwatakasa makuhani. Pamoja na hayo, jina liliandikwa tena. Mwili ulionyang'anywa kila kitu haukuachwa bila jina.

Ushahidi wa Amarna unaelekea upande huohuo. Aliyezikwa katika mkeka hakuwa na matale ya kubomoka wala dhahabu ya kuibwa, lakini alikuwa na mtu wa kumviringisha na kumlaza. Ba ilisema kuwa tajiri na maskini wa ukingoni wanalingana pale wote wanapokosa mtu wa kubaki nyuma. Makaburi ya Amarna yanaonesha upande wa pili wa sentensi hiyo: maskini mwenye mtu wa kumzika hakuwa mikono mitupu.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha mambo matatu. Kwanza, shaka juu ya kaburi haikuwa sauti ya wachache waliojitenga. Ilipewa ba, ilinakiliwa na makarani na ilichongwa makaburini. Pili, shaka hiyo ilikuwa na msingi katika mambo yaliyoonekana kwa macho, yaani makaburi yaliyovunjwa na sadaka zilizokoma. Tatu, desturi iliendelea kwa sababu mhimili wake ulikuwa kwingine. Sinuhe alitaka watu wa kumzunguka, mtu wa Mabishano alitaka mrithi na mwenza, na makuhani wa Nasaba ya 21 waliandika upya majina.

Hati ya Chester Beatty IV, ya Ufalme Mpya, inaufikisha mtazamo huu mbali zaidi inapodai kuwa waandishi wa kale hawakujiwekea piramidi za shaba, bali vitabu vyao ndivyo vilivyokuwa warithi wao, na kwamba majina yao yanatajwa hata baada ya makaburi kusahauliwa. Miongoni mwa wanaotajwa ni Imhotep na Hardjedef, walewale ambao Wimbo wa Intef unawatumia kuthibitisha kuwa kuta hubomoka. Matini mbili zimeuchukua mfano mmoja na kufikia mahitimisho mawili: moja inaona ukuta uliokwisha, nyingine inaona jina linalotajwa.

Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo za Kiswahili kuhusu Misri ya Kale zianze na matini pamoja na makaburi ya watu wa kawaida, kabla ya kuigeukia hazina ya mfalme mmoja. Inapendekezwa pia kwamba istilahi kama ba zibakizwe na kufafanuliwa, badala ya kufunikwa kwa maneno yenye teolojia nyingine. Wamisri wa kale walisimama mlangoni mwa kaburi wakiuliza kama lina faida, kisha wakaingia na kumzika ndugu yao kwa heshima. Uhakiki unaolitaja tendo hilo la pili na kulinyamazia swali la kwanza umewasoma nusu tu.